Chumba cha sita hakipangishwi: bastola za kukoki kwa gumba, za zamani na za sasa

#1 Mwana_Kibokoni

Assalaam alaykum, hamjambo nyote.

Nimekosana na ami yangu, nataka mnihukumu. Ami ana leseni ya silaha tangu mimi sijazaliwa. Bastola yake ni Ruger ya zamani, ile ya sura ya kikauboi, ambayo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Haitoki kwenye kisefu ila siku ya kusafishwa au ya kupelekwa kukaguliwa. Jumapili nilikuwa kwake Ganjoni, baada ya chai akaitoa kuipaka mafuta. Alipomaliza akaanza kutia risasi, mimi nahesabu kimoyomoyo. Moja. Akaruka tundu. Akatia nne. Akafunga.

Nikamwambia, "Ami, umesahau moja."

Akanambia, "Sikusahau. Nyumba ina vyumba sita, kimoja hakipangishwi."

Nikaona haya ni mambo ya wazee. Usiku nikatafuta mtandaoni, nikapata video ya Mmarekani ana Ruger ya sura ile ile, anatia sita zote na kuiweka kiunoni. Nikamtumia ami ile video, na chini yake nikaandika maneno ambayo sasa naona bora nisingeyaandika. Hajanijibu mpaka leo. Mkewe ananambia nimemwita mzee mshamba.

Nani mwenye haki?

#2 Kijana_Kisauni

Risasi ghali siku hizi. Ami anabana matumizi tu 😂

#3 Msimamizi

Kabla hamjafika mbali: hapa hatuuzi, hatununui, hatuulizi bei, na hakuna njia ya mkato ya leseni. Silaha bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha ni kesi mahakamani. Mazungumzo ya ufundi na usalama, karibuni.

#4 FundiKufuli

Mwanangu wa Kibokoni, nenda kamwombe radhi ami yako leo hii, usingoje Ijumaa. Ukirudi nitakueleza kwa nini yule wa kwenye video naye hana makosa.

Mimi ni mstaafu. Miaka mingi nilikuwa ndani ya stoo ya silaha, siku hizi natengeneza makufuli na visefu. Bastola za namna hiyo nimezifungua si mara moja, nyingine zilikuja zikiwa na kutu mpaka silinda, ile ngoma yenye matundu ya risasi, haizunguki.

Katika bastola ya singo aksheni triga ina kazi moja tu, kuiachia nyundo. Haivuti chochote nyuma. Kuvuta ni kazi ya gumba lako. Ukishaivuta nyundo mpaka mwisho, kinachobaki kati yako na mlio ni mguso mdogo wa kidole. Hilo halikubadilika tangu Colt ya mwaka 1873 mpaka hizi zinazotoka kiwandani leo. Kilichobadilika ni kitu kingine, nacho hukioni ukiitazama kwa nje: nyundo ikiwa imelala, imelalia nini?

Kwenye ile Colt, sindano ya kupigia imefungwa kwenye uso wa nyundo yenyewe. Nyundo ikilala chini kabisa, ncha ya sindano imeshapenya fremu, yaani kiwiliwili cha bastola, na inagusa fataki ya risasi iliyo mbele yake, kile kitako kidogo kinachowasha baruti kikigongwa. Inagusa hivyo hivyo mchana kutwa, umeivaa, unatembea nayo, unapanda nayo gari. Ikikuponyoka ikaanguka kwa kisogo cha nyundo kwenye sakafu ya saruji, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye fataki. Hakuna cha kulizuia.

#5 Bi_Cherehani

Mzee, shikamoo. Mimi ni fundi wa nguo, sijui bunduki, lakini sindano naijua. Nimekuelewa kuwa kwenye hiyo Colt sindano na nyundo ni kitu kimoja. Je, na hiyo ya ami wa Kibokoni ni hivyo hivyo?

#6 FundiKufuli

Marahaba binti. Hilo ndilo swali, na ndipo wengi wanapokosea.

Ruger ya zamani sindano haimo kwenye nyundo, imo ndani ya fremu, ina springi yake ndogo ya kuirudisha nyuma. Mtu akiona hivyo husema, alaa, basi hii ni salama. Si salama. Nyundo ikilala chini inaikandamiza ile sindano mbele, na ncha inafikia fataki vile vile. Wameitenga sindano na nyundo, lakini hawakuweka kitu kati yao. Umeihamisha sindano kutoka chumbani ukaipeleka ukumbini, mlango bado uko wazi.

Sasa usiseme watu wa 1873 walikuwa wajinga. Waliweka dawa, ila dawa yenyewe dhaifu. Nyundo ina mapengo matatu chini, na ncha ya triga inaingia ndani yake. Ukiivuta nyundo kidogo tu, unasikia mlio wa kwanza: hilo ni pengo la usalama, linaishika nyundo mbali kidogo na fataki. Ukiongeza, nusu koki, ambapo silinda inazunguka huru ili utie na utoe risasi kupitia kile kilango cha ubavuni. Halafu koki kamili. Ukiivuta pole pole unahesabu milio minne, kwa sababu ndani yake mna mlio mmoja wa kile kipande kinachoishika silinda. Wapenzi wa Colt husema bastola inataja jina lake herufi moja moja, C, O, L, T. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilirudia kama mtoto aliyepewa kengele.

Tatizo ni lile pengo la kwanza. Mdomo wake mwembamba, na ncha ya triga inayoingia humo nayo nyembamba, chukulia ukucha wa kidole. Bastola kamili ina kama kilo moja. Ianguke kwa nyundo, uzito wote huo unabebwa na ule ukucha. Ukivunjika, au ukivunjika mdomo wa pengo, nyundo inamalizia safari yake. Nimeshika triga iliyokatika ncha kwa namna hiyo hiyo. Mwenyewe alikuwa hajui. Alikuwa anasikia mlio wa kwanza umepotea, akadhani ni mafuta yameganda.

Ndiyo maana tangu zamani za huko kwao, mwenye busara alitia tano na kuilaza nyundo juu ya tundu tupu. Ami yako hakubuni. Na nimependa alivyotia: moja, ruka, nne. Ukifunga kilango, ukaivuta nyundo mpaka mwisho na kuishusha taratibu, inaangukia lile tundu uliloruka. Hesabu inakuja yenyewe, huhitaji kuchungulia. Ingawa kuchungulia kutoka ubavuni hakudhuru.

#7 Mpwani_Phoenix

Salaam kutoka Arizona, mimi ni mzaliwa wa Tudor. Huku mtu kuwa na bastola ni kama kuwa na baiskeli, kwa hivyo nimejifunza bila kutaka. Yule wa kwenye video nadhani ana kama yangu, New Model.

Mwaka 1973, miaka mia kamili baada ya ile Colt, Ruger waliacha kutengeneza ule muundo wa zamani wakatoa huu. Ndani yake mna kipande bapa cha chuma, hapa hukiita transfa ba, mimi namwambia mke wangu ni daraja. Kimeunganishwa na triga. Triga ikiwa haijavutwa, kimeshuka chini. Na nyundo imechongwa hivi kwamba inapolala inakaa juu ya fremu, haiifikii sindano kabisa, mna nafasi. Ipige nyundo kwa nyundo ya seremala ukitaka, inagonga fremu tu.

Ukivuta triga, daraja linapanda, linasimama kati ya nyundo na sindano. Nyundo inalipiga daraja, daraja linaipiga sindano. Ukiachia triga, daraja linashuka. Bila daraja hakuna kuvuka. Kwa hiyo sita zinatiwa, na nyundo inalalia tundu lenye risasi bila kuigusa.

La pili, kwangu mimi ndilo kubwa kuliko hata hilo daraja: hakuna nusu koki tena. Unafungua kilango, silinda inakuwa huru, na nyundo inafungika haivutiki. Unatia na kutoa risasi nyundo ikiwa imelala tangu mwanzo. Kwenye ile ya ami, ili utie risasi lazima uivute nyundo mpaka nusu, na ukimaliza lazima uishushe kwa gumba huku umevuta triga, risasi zimo ndani. Gumba likiwa na jasho au mafuta, je? Kuna kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Alaska, ikaamuliwa mwaka 1979. Mtu alijeruhiwa 1972 na Ruger ya zamani ya .41 Magnum. Hakuwa akipiga shabaha. Alikuwa akizitoa risasi.

#8 Kijana_Kisauni

Kwa hivyo nilikuwa nakosea kuhusu ubahili. Endeleeni wazee, nimekaa mkekani.

#9 Bahari_Nne

Mimi nilikuwa baharia, nimeondoka Kilindini nikarudi mara nisizozihesabu. Nawakumbusha jambo moja: hilo daraja si uvumbuzi wa 1973.

Kampuni ya Iver Johnson, kule Massachusetts, walikuwa na kitu cha jinsi hiyo kwenye bastola zao ndogo za kukunjua tangu miaka ya 1890. Matangazo yao ya mwanzo wa karne ya 20 yalichora mtu anaipiga nyundo ya bastola kwa nyundo ya kweli, yaani piga utakavyo, hailii. Hizo si singo aksheni, lakini fikra ni ile ile. Wenye bastola za kikauboi walikawia miaka themanini kuiazima!

Na kuna kisa cha vitani. Mwishoni mwa 1944, bastola ya Smith & Wesson, zile zilizoitwa Victory, ilianguka kwenye sitaha ya chuma ya manowari ya Marekani, ikalia, ikamuua baharia. Hiyo nayo ilikuwa na kizuizi ndani, lakini kilishindwa kufanya kazi. Kiwanda kikabadilisha kizuizi upesi. Cha Smith kinafanya kinyume cha daraja: kinakaa mbele ya nyundo muda wote kikiizuia, na triga ikivutwa ndipo kinajitoa. Nani kati yenu amewahi kuangusha kitu kwenye sitaha ya chuma? Hakiangukii popote pazuri.

#10 FundiKufuli

Nahodha umeniwahi. Hebu niongeze la kuchekesha kidogo.

Kabla ya risasi za ganda, bastola zilikuwa za kushindilia baruti tundu kwa tundu. Za Colt za wakati huo zilikuwa na vijipini kisogoni mwa silinda, kati ya tundu na tundu, na uso wa nyundo ulikuwa na nafasi ya kuvishika. Remington walichonga mapengo hapo hapo, nyundo inazama katikati, haigusi fataki yoyote. Mtu alijaza sita akalala usingizi. Zikaja risasi za shaba, kila mtu akafurahia urahisi, na lile pahali pa kuilaza nyundo likapotea njiani. Wako waliojaribu kuiegemeza sindano ya Colt kati ya vitako vya risasi mbili. Inakaa, lakini silinda hapo haikufungwa na kitu kingine, ikisukumwa kidogo sindano inateleza mpaka juu ya fataki.

Kuna kampuni moja ya Marekani inayotengeneza bastola ndogo sana, North American Arms, wamerudi kwenye ile ile ya Remington, mapengo kati ya matundu. Za leo, na hazina daraja.

#11 Bi_Cherehani

Samahani nawarudisha nyuma. Nimesoma mara mbili nikawa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mume wangu anaendesha trela, Changamwe mpaka Malaba. Alinieleza breki za upepo: watu hudhani upepo ndio unaoshika magurudumu. Zile breki za springi ni kinyume, upepo ndio unaoziachia. Bomba likipasuka upepo ukaisha, springi zinafunga, gari linasimama. Linakutia hasara, linaziba barabara Mazeras, watu wanakutukana, lakini halikimbii.

Sasa hizi bastola. Ya kale, ncha ya triga ikivunjika, inalia. Je hii ya daraja, daraja likivunjika?

#12 Mpwani_Phoenix

Hailii. Unavuta triga, nyundo inashuka, inagonga fremu, kimya. Nimewahi kusikia wenyewe wakilalamika kwamba daraja limebanwa au limekatika, malalamiko yao ni hayo, kwamba bastola imekataa kupiga.

Dada umelisema bora kuliko sisi wote. Za zamani chuma kikichoka kinaangukia upande wa mlio. Za sasa kinaangukia upande wa kimya.

#13 FundiKufuli

Miaka yote hiyo stooni sikuwahi kulipanga hivyo. Na ukilitazama kwa jicho hilo, tundu tupu la ami limezishinda zote. Halina springi, halina ncha, halina cha kukatika.

#14 Kijana_Kisauni

Swali: ile ajali ya kwenye seti ya filamu huko New Mexico, Oktoba 2021, si ilikuwa bastola hizi hizi? Mpiga picha aliuawa. Watu wakasema ilijifyatua.

#15 Mpwani_Phoenix

Ilikuwa nakala ya Kiitaliano ya Colt 1873, .45, muundo wa kale, bila daraja. FBI waliipima. Katika vipimo hivyo waliipiga nyundo kwa nyundo ya ngozi mpaka vipande vya ndani vikavunjika, na ubishi wa mahakamani ukazunguka hapo kwa muda mrefu.

Lakini usilipeleke hapa, Kisauni. Pale kosa la kwanza lilikuwa risasi ya kweli kuwamo mahali ambapo haikutakiwa kuwa hata moja. Daraja linakulinda bastola ikianguka. Halijui kama kilichomo ni cha kweli au cha mchezo, wala halijui uliyemwelekezea ni nani. Na ukivuta triga, kazi yake ni kupanda. Linapanda.

#16 FundiKufuli

Naam. Na hata kwenye New Model, mtu akiwa anaishusha nyundo kwa gumba huku kidole kimekaza triga mpaka mwisho, daraja liko juu muda wote. Gumba likiteleza, inalia. Unatakiwa, nyundo ikishaanza kushuka, uiachie triga, ndipo daraja lishuke nawe umalizie kwa usalama. Nimeona watu wenye bastola mpya wanajiamini kwa sababu ni mpya, hawajui siku gani daraja liko upande wao.

#17 Bahari_Nne

Na hizo nakala za Waitaliano? Kuna mtu alinionyesha picha ya moja yenye kitu cha ajabu kwenye ule mti wa silinda, chuma ambacho silinda huzungukia.

#18 Mpwani_Phoenix

Ule mti una hatua mbili. Ukiusukuma ndani zaidi, kichwa chake kinatokeza nyuma na kuizuia nyundo isishuke yote. Uberti na wenzao waliweka vitu kama hivyo ili zipite sheria za Marekani za kuingiza bastola, na watu wengi hawajui hata kama kimo. Uberti baadaye wakaja na sindano inayorudi ndani ya nyundo, triga isipovutwa haitokezi. Kwa nje huwezi kuitofautisha na Colt, ndiyo makusudi, maana wanunuzi wanataka sura na milio minne. Heritage wao wameweka swichi ya kidole pembeni ya nyundo, inafunga na kufungua. Beretta nao walikuwa na singo aksheni yenye daraja.

Swichi siipendi. Inakutaka ukumbuke, na daraja halikutaki ukumbuke chochote.

#19 Kijana_Kisauni

Sasa kama New Model ni nzuri hivyo kwa nini watu bado wanataka za kale?

#20 Mpwani_Phoenix

Triga laini. Milio minne. Na kwenye New Model za mwanzo, ukizungusha silinda uzitoe risasi, mlio unausikia tundu likiwa limekipita kilango kidogo, na huwezi kurudi nyuma, lazima uzunguke tena yote. Inaudhi wallahi. Kuna vijana wa hapa wanaagiza vipande visivyo vya kiwanda kurekebisha, na wengine hufungua wakachezea springi mpaka triga inakuwa nyepesi kupita kiasi. Hao ndio mimi siendi nao uwanjani.

#21 Mwana_Kibokoni

Nimesoma yote. Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa naona haya. Nitajuaje sasa kama ya ami ni ya kale kweli? Video ile ilikuwa sura ile ile kabisa.

#22 Mpwani_Phoenix

Rahisi. Tazama ubavu wa fremu. Ukiona vichwa vitatu vya skrubu ni ya kale, huku huitwa hivyo hivyo, skrubu tatu. New Model ina pini mbili.

#23 FundiKufuli

Ndugu yangu wa Phoenix, hapo nakushika mkono kidogo. Skrubu tatu zinakwambia ilizaliwa lini, hazikwambii kilichomo leo. Tangu 1982 Ruger wanazifunga daraja bastola zao za kale bila malipo. Unaipeleka kiwandani, wanabadilisha nyundo, triga na vinginevyo, wanakurudishia pamoja na vipande vyako vya asili kwenye mfuko. Bastola iliyopita huko bado ina skrubu tatu kwa nje. Na wako walioirudishia baadaye vile vipande vya asili, kwa ajili ya ile triga laini. Kwa hivyo unaweza kushika skrubu tatu yenye daraja, isiyo na daraja, na iliyokuwa nalo ikavuliwa.

Kuhakikisha ni kuangalia. Bastola ikiwa tupu, imehakikiwa tupu na watu wawili, mtutu umeelekezwa pasipo na mtu, fundi mwenye kibali anaivuta nyundo, anabana triga huku ameizuia nyundo kwa gumba, na anatazama kwenye ule upenyo kati ya nyundo na fremu. Kikipanda kipande bapa cha chuma, lipo. Kisipopanda kitu, unaitazama sindano yenyewe, na unajua nyundo italalia nini.

Wewe usiiguse, Kibokoni. Cheti kina jina la ami, si lako.

#24 Mpwani_Phoenix

Nimekubali, mzee. Skrubu peke yake haitoshi.

#25 Bahari_Nne

Ila kuipeleka kiwandani Marekani kutoka Mombasa? Kibali cha kuitoa hapa, kibali cha kuiingiza kule, kibali cha kuitoa kule, kibali cha kuirudisha hapa. Mimi nimeona kontena la matairi likikaa bandarini mpaka matairi yakaota nyasi.

#26 FundiKufuli

Na vipande vyenyewe hawauzi, lazima kiwanda chao kifunge. Ukimpa fundi wa mtaani achonge daraja kwa msasa, bora ubaki na tundu tupu.

#27 Bi_Cherehani

Kibokoni usituache hewani. Ami alisemaje?

#28 Mwana_Kibokoni

Nimetoka kwake sasa hivi. Nilikwenda na mahamri na mbaazi za Bi Mkubwa wa pale Makadara, nikasema shikamoo nikiwa bado mlangoni. Alinitazama juu ya miwani muda mrefu, akasema marahaba, akavuta kiti.

Nikamsomea uzi wote kutoka kwenye simu, #1 nikairuka. Nilipofika pale pa breki za trela akanisimamisha, akataka nirudie. Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni fundi wa nguo. Akasema, "Huyo angefaa stooni."

Bastola ina skrubu tatu. Kuhusu daraja, anasema aliwahi kuipeleka kwa fundi mwenye kibali miaka mingi iliyopita na akaambiwa ni ya asili, haijaguswa. Aliyemfundisha kutia tano ni mwenye nayo wa kwanza, Mzungu mmoja aliyekuwa akiongoza wawindaji kabla uwindaji haujapigwa marufuku 1977. Alimwambia kwa Kiswahili kibovu na ami akaitengeneza ile methali ya vyumba mwenyewe.

Nikamwuliza kama angependa ifungwe daraja, tukianza mambo ya vibali mapema. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

"Niipeleke Marekani," akasema, "nikarudishiwe chumba kimoja? Nimpangishe nani?"

FundiKufuli, ana salamu zako. Anauliza kisefu chake kina ufunguo unaokwama ukiugeuza kushoto, utaweza kupita Ganjoni lini?

#29 FundiKufuli

Alaykumu salaam. Kesho baada ya alasiri. Mwambie asiulazimishe.